Bustani Iliyohama na Maegesho Yaliyobaki

Mmeniuliza, ninyi vijana mlioingia idara ya mipango juzi juzi, kama ni kweli ofisi yetu iliwahi kupoteza bustani ya umma. Ni kweli. Haikunyakuliwa na mtu, maana za kunyakuliwa mnazijua wenyewe. Ilihama, mchana, watu wakiona, ikaelekea upande wa Homa Bay. Mungu amenipa afya na kumbukumbu mpaka leo, nami namshukuru kwa yote mawili, basi kaeni niwaeleze. Wanaoisimulia huko kantini huicheka bustani na kumsahau Mzee Nyamolo, na kisa chenyewe ni chake.

Jina la mji nitaliacha. Ni mmoja wa ile midogo ya ufukweni, upande wetu huu wa Kisumu, na baraza lake si baya kuliko mengine. Kazi yetu sisi wa baraza ilikuwa kuamua, pamoja na wananchi, wapi pakae nyumba, wapi soko, wapi ipite barabara na wapi pabaki shamba. Uamuzi huo tunaupaka rangi kwenye ramani: kahawia ni makazi, nyekundu ni biashara, kijani ni bustani, kijivu ni barabara na maegesho ya magari. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya watoto wa nasari. Lakini rangi ikishapitishwa na kikao, kuifuta ni kama kutoa mafuta ya samaki kwenye shati la Jumapili.

Mpima ardhi aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kufungua ramani kabla sijatembea. Alinituma nikaangalie wapi wanawake wamechonga njia kwa miguu, maana mwanamke mwenye mtungi kichwani hapotezi hatua hata moja. Alinituma niulize makaburi yako wapi, na maji ya masika hupita wapi. Mimi nilikuwa na rula mpya, nikamwona mzee aliyepitwa na wakati. Basi huko Nyalenda, mjini Kisumu, nikachora barabara iliyonyooka kweli kweli, ikapita juu ya kituo cha maji ambacho sikukiona kwa sababu sikwenda. Siku ya kazi greda lilikuta foleni ya mitungi. Dereva akapiga honi. Mama mmoja akamwambia, bila kuinuka kwenye jiwe alilokalia, "Panga laini kama wengine." Dereva aliteremka, akaweka kofia yake ya kazi mwisho wa foleni, akakaa kungoja zamu. Nilipofika nikaikuta ile kofia imeshasogea nusu ya foleni. Barabara ile ina kona mpaka leo, na kona hiyo ni yangu.

Sasa turudi kwenye bustani.

Mwaka ule baraza lilitaka ramani mpya ya matumizi ya ardhi, na likaletewa mtaalamu kijana kutoka Nairobi. Alikuwa mpole, akisali kabla ya kula, simlaumu hata kidogo. Alitumia picha zilizopigwa kutoka angani. Kwenye picha aliona eneo pana la kijani kando ya ufuko, zuri, limelala kama zulia. "Mna nafasi kama hii na hamna bustani?" akashangaa. Akaipaka kijani, akaandika Bustani ya Umma. Na kwa kuwa sheria inataka bustani iwe na mahali pa kuegesha magari, akachukua shamba la karibu lililokuwa na maharagwe, akalipaka kijivu.

Mtauliza, wananchi hawakusema? Tuliita mkutano wa wananchi kama sheria inavyotaka, ukumbi ukajaa. Lakini ramani ilikuwa na kichinjio pia, na hakuna binadamu anayetaka kichinjio jirani. Walibishania kichinjio tangu maombi ya kufungua hadi soda zikaisha. Bustani ilipotajwa watu walipiga makofi. Nani atapinga bustani? Mimi mwenyewe nilipiga makofi, maana nilikuwa nimechoka na kichinjio. Kikao kikapitisha, ramani ikatundikwa ukutani.

Halafu upepo ukageuka. Ile kijani, kama mlivyokwisha kufahamu ninyi watoto wa ziwani, ilikuwa gugumaji, lile jani linaloelea ziwani bila kushika udongo. Ilijikusanya, ikajing'oa ufukweni taratibu kama mgeni asiyetaka kuaga, ikaondoka. Mvuvi mmoja alipitia ofisini kutujulisha. "Bustani yenu nimepishana nayo," alisema. "Iko katikati ya ghuba. Ina korongo wawili juu, wametulia."

Mzee Nyamolo alikuja wiki hiyo hiyo. Alikuwa amevua miaka mingi huko Asembo Bay, akarudi nyumbani uzeeni na mke wake, Mama Dorina, yeye Mzee akiwa na kikohozi kisichomwacha. Lile shamba la maharagwe lilikuwa lake. Kwa walio wageni wa kwetu, nieleze kidogo. Ukoo wake ulishika kwamba mwanamume hana kwake mpaka atoke katika boma la baba yake akaanzishe lake. Hutoka asubuhi na mke wake na mwana wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto. Nyumba husimamishwa siku hiyo hiyo, na moshi lazima utoke kabla jua halijazama. Wazee hukaa pale pale kushuhudia. Na wana hawawezi kumtangulia baba: akikaa, wanakaa. Akifa kabla ya kutoka, huzikwa katika ua wa babu yao, na mjane na wanawe hubaki kama wapangaji katika boma la wengine. Sisi wa kanisani tulishaweka sala mahali pa mambo mengi ya zamani, lakini jogoo amebaki, na sijasikia mchungaji akikataa paja lake.

Mzee alikuwa amechelewa. Mwanawe wa kwanza, Otieno, alikuwa na mvi na bado alilala kibandani nyuma ya nyumba ya babu yake. Na daktari wa Kisumu alikuwa amemwambia Mzee apumzike, neno ambalo sisi wazee tunajua maana yake.

"Mwanangu, nataka kujenga," aliniambia.

"Jaduong', mzee wangu, ramani inasema pale ni maegesho."

"Ya nini?"

"Ya magari."

"Ya nani?"

"Ya watu wanaokuja bustanini."

"Bustani gani?"

Nikampeleka dirishani. Ziwa lilikuwa jeupe, safi, halina hata jani. "Ile iliyokuwa pale," nikasema.

Mzee aliyatazama maji muda mrefu. "Ile takataka? Iliondoka na nyavu zangu mbili."

Mama Dorina, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu, akasema, "Muulize kama tutaegesha mitumbwi."

Nikaenda kwa mkurugenzi wetu. Alikuwa mtu wa sheria, mwadilifu, anayekaa mtaa wa Milimani, Kisumu, katika ua wenye maua yaliyokatwa sawasawa. Hakuwahi kupokea hata soda ya mtu, na kwa hilo nitamheshimu daima. Tatizo la mtu mwadilifu ni kwamba huwezi kumwambia afumbe jicho.

"Unataka nifute maegesho," alisema. "Sawa. Wanaotumia bustani wataegesha wapi?"

"Mkubwa, bustani haipo."

"Kwenye ramani?"

"Kwenye ramani ipo."

"Basi." Akavua miwani. "Na ikirudi? Tutawaambia nini wananchi, kwamba bustani imerudi na tumeshagawa maegesho yake?"

Akaniamuru niandikie baraza la ng'ambo ya ghuba, niwajulishe kwamba kile kijani kilichowafikia ni mali ya umma ya mji wetu, wasikigawe viwanja. Niliandika, nikaweka muhuri, Mungu anisamehe. Majibu yalikuja ya heshima sana. Walisema wanaitambua bustani yetu, na wanauliza tutakuja lini kuichukua, kwa sababu mashua zao haziwezi kutoka.

Nikajaribu kwa afisa wa afya, Mama Anyango, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, ambaye saini yake ilihitajika pia. Alipitia ombi la Mzee akaguna.

"Bustani haina choo. Siwezi kuweka saini."

"Mama, imeondoka."

"Ndiyo wakati mzuri wa kujenga choo. Ikirudi na watu?"

Hapa niwape neno la kazi. Ombi la mwananchi likikwama mezani, msilipiganie mezani. Mezani ramani ina nguvu kuliko ninyi. Liombeeni litoke nje, penye jua na kinyesi cha ng'ombe, huko ramani huwa ni karatasi tu. Nilimwomba mkurugenzi kwa siku nyingi, kwa upole, kila nilipompelekea chai, mpaka akakubali kamati ikutane shambani kwa Mzee na kuamua pale pale.

Nilikwenda mwenyewe kumpa habari. Nilimkuta ameegemea ukuta wa nyumba ya baba yake, anakohoa.

"Kamati inakuja Alhamisi," nikamwambia. "Watakaa shambani kwako, na wataamua siku hiyo hiyo."

Akanishika mkono. "Wazee watakaa shambani kwangu?"

"Watakaa."

"Asubuhi?"

"Asubuhi."

"Ero kamano," alisema. Ahsante. Macho yakamlowa. Nilirudi kwa baiskeli nikijiuliza ni lini mtu aliwahi kulilia ukaguzi wa kiwanja kwa furaha. Nilidhani ni uzee.

Juma lile nilisali jambo moja tu: upepo ubaki ulivyo, kamati ijionee maji matupu. Nilisali nyumbani, nikasali kanisani, nikawaambia na akina mama wa ushirika waniunge mkono bila kuwaeleza sababu. Alhamisi asubuhi tukateremka kwenye gari la ofisi, na bustani imerudi. Imejaa ufukweni kote, pana kuliko zamani, kijani hadi macho yanauma, na maua yake ya zambarau juu. Hata wale korongo walikuwepo. Mungu ana njia zake, na siku ile njia zake zilikuwa na utani.

Mkurugenzi alisimama mikono kiunoni kama baba ambaye mtoto wake amefaulu mtihani. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi?"

"Na choo hakuna," alisema Mama Anyango.

Tulikuwa watatu, pamoja na askari mmoja wa baraza, hao mnaowaita kanjo. Mkurugenzi akatuongoza hadi ukingoni. Alitaka kutuonyesha kwamba hiki ni kitu halisi, si hadithi za wavuvi. "Tazameni ilivyoshikana," alisema, akakanyaga.

Mguu ulizama hadi gotini. Askari na mimi tulimvuta, naye akatoka, lakini kiatu hakikutoka. Kilikuwa kiatu cheusi cha ngozi, cha kwendea ibadani. Tulikitafuta kwa fimbo. Bustani ilikuwa imekimeza, na ilikuwa inasogea kidogo kidogo.

Ndipo tukasikia kuimba nyuma yetu.

Watu walikuwa wanaingia shambani kama kwaya ya sikukuu. Vijana walibeba nguzo na fito, wengine mabati kichwani. Mbele alikuwa Mzee Nyamolo ndani ya suti ya kahawia, jogoo kwapani. Otieno alishika shoka. Mama Dorina alibeba makaa ya moto katika chungu. Kina mama wengine walikuja na viti vya plastiki vya kanisa, wakavipanga kivulini, wakatushika mikono na kutukalisha kabla hatujauliza lolote.

"Wazee wangu," Mzee alisema, akihema, "asanteni kwa kuwahi."

Hapo nikaelewa kilichomliza. Nilimwambia wazee watakuja asubuhi, wakae katika ardhi yake, na neno liishe siku hiyo hiyo. Katika maisha yake yote kikao cha namna hiyo kilikuwa na maana moja tu. Alikuwa ameita ukoo mzima.

Mkurugenzi alikuwa ameketi na soksi moja inayochuruzika. "Hii ni nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni ushirikishwaji wa wananchi, Mkubwa," nikasema, maana sikupata neno lingine.

"Askari! Simamisha hii kazi."

Askari alipiga hatua mbili, akasimama. Otieno alikuwa ameshapiga shoka la kwanza ardhini. "Mkubwa," askari alisema, "shoka limegusa udongo, kulizuia sasa ni laana. Mimi nina watoto."

"Ni amri!"

"Naam, Mkubwa. Nipe kwa maandishi, na uandike kwamba aliyenituma ni wewe, wakiniuliza wazee."

Mama Anyango akacheka mpaka kiti kikalia. "Omera, ndugu yangu mkurugenzi, wacha maneno. Wewe kwako si ulitoka na jogoo? Nilikuwepo. Nilikula."

Mkurugenzi aliwatazama watu wakichimba mashimo ya nguzo juu ya rangi yake ya kijivu. Mzee Nyamolo akaja akasimama mbele yetu, akaniambia, "Wewe ni mzee wa kanisa. Omba." Nikasimama, nimevaa kile kizibao cha njano cha ofisi chenye maandishi ya baraza mgongoni, nikaliombea jengo lisilo na kibali. Nilimshukuru Mungu kwa ardhi, kwa uvumilivu, na kwa maji. Nilipofika kwenye maji nikaruka haraka. Watu wakasema amina, na mkurugenzi akasema amina.

Baada ya amina Mzee alishikwa na kikohozi. Kilimkunja, jogoo akamponyoka, na Otieno akatupa shoka kumshika baba yake. Kazi ikasimama. Alipopata pumzi alikaa kwenye kiti kando ya mkurugenzi, akamwambia polepole, bila kulalamika:

"Bwana, mimi sijui maegesho. Mkisema hapana, nitatii, nguzo zitang'olewa. Lakini nikirudishwa kule leo, sitatoka tena. Huyu," akamwonyesha Otieno, "atazeeka mlangoni kwa watu."

Mama Dorina akaja, akavua patipati zake, akaziweka mbele ya miguu ya mkurugenzi. "Vaa, baba, utachomwa na miiba. Mahali hapa hapajafagiliwa."

Mkurugenzi alivaa zile patipati za waridi. Alizitazama. Kisha akafungua jalada, na nikaogopa, kwa sababu nilimjua: asingevunja sheria hata kwa machozi ya malaika.

"Maegesho ya umma," alianza, kana kwamba anatoa imla, "hayawezi kukaa bila mlinzi."

Nikachukua kalamu.

"Mlinzi hawezi kulala nje. Kwa hiyo nyumba ya mlinzi ni sehemu ya maegesho. Haihitaji kubadilisha matumizi ya ardhi."

"Na choo," alisema Mama Anyango.

"Na choo."

"Na mke," alisema Mama Dorina.

"Mlinzi na familia yake. Andika."

"Na walinzi wasaidizi," nikasema mimi, nikimwangalia Otieno na mdogo wake. "Maegesho ni makubwa, Mkubwa."

Mkurugenzi alilitazama lile shamba, akaitazama bustani yake, ambayo wakati huo ilikuwa imeshajitenga na ufuko na kuacha mstari mwembamba wa maji. "Na walinzi wasaidizi," alisema, "kila mmoja na nyumba yake." Akaweka saini gotini. Mama Anyango akaweka ya kwake kwenye mgongo wa askari.

Nyumba ilisimama mchana ule ule. Mabati ya mwisho yalipigwa jua likiwa bado juu, na Mama Dorina akaingiza moto. Tulisimama wote tukitazama paa, hata mkurugenzi na patipati zake, mpaka moshi ukatoka. Jogoo alipatikana kwenye maharagwe. Mkurugenzi alipewa paja.

Mzee Nyamolo aliishi katika nyumba ile msimu mmoja. Mungu akamchukua masika yalipoanza, akazikwa uani kwake, mahali alipopachagua mwenyewe. Kwa kuwa kwenye majalada alikuwa mtu wetu, ofisi ilileta shada lenye utepe: Mlinzi wa Maegesho ya Bustani ya Umma. Mama Dorina alisoma utepe ule, akacheka huku analia. "Maisha yake yote huyu hakuajiriwa hata siku moja," aliwaambia waombolezaji. "Na leo serikali imekuja kumzika kwake."

Ramani ya pale bado ni kijivu. Gugumaji huja na kwenda, na hakuna gari lililowahi kuegeshwa. Mwezi uliopita nilipita na kumkuta Otieno anakanda udongo wa nyumba yake upande wa kulia wa lango la baba yake. Ya mdogo wake ilikuwa imeshaezekwa, na mke wa huyo mdogo anapika ndani. Otieno alinawa mikono, akanionyesha shamba lililo ng'ambo ya mfereji.

"Mzee, mwanangu akikua, mimi nitatoka nikaanzishe boma pale. Ramani inasemaje pale?"

"Sijaangalia," nikamwambia.

"Usiangalie kwanza," alisema, akaniletea kiti. "Kaa. Uji uko tayari."

Nikakaa.